Johnny B. Goode kwenye gitaa: kila kipande, kilikotoka na namna ya kukipiga

Wimbo "Johnny B. Goode" ulirekodiwa Chicago tarehe 6 Januari 1958 katika studio ya kampuni ya Chess, ukatoka kwenye santuri mwishoni mwa Machi mwaka huohuo. Chuck Berry aliimba na kupiga gitaa, Lafayette Leake alikaa kwenye piano, Willie Dixon alishika besi la kusimama na Fred Below alikuwa kwenye dramu. Wanamuziki wanne, na wimbo haufiki hata dakika tatu. Kwenye chati za Billboard, jarida la muziki la Marekani, ulipanda hadi nafasi ya 8 kwa jumla, na ya 2 kwenye chati ya R&B (rhythm and blues).

Anayejifunza gitaa leo hukutana nao mapema, mara nyingi kupitia tabu (maandishi ya gitaa yanayoonyesha uzi na freti) alizopakua mtandaoni. Ananakili noti moja moja, vidole vinafika mahali pake, lakini akiupiga na bendi wimbo hauchangamki. Kosa haliko kwenye noti. Berry aliuunga wimbo huu kwa vipande ambavyo wenzake walikuwa wakivipiga tangu zamani, vingine kwenye vyombo tofauti kabisa: mkono wa kushoto wa mpiga piano, utangulizi wa gitaa kutoka bendi ya Louis Jordan, mivuto ya nyuzi ya T-Bone Walker, na dramu ya watu waliolelewa na jazi. Kila kipande kina tabia yake, na ukijua kilikotoka utajua mkono ukipige vipi. Kwa hiyo tunakwenda kipande kwa kipande.

Unachohitaji

Gitaa la umeme lolote linatosha. Kwenye gitaa kavu rithimu itatoka vizuri, lakini utangulizi utakutesa kwa sababu nyuzi zake hazivutiki kirahisi. Funga seti ya nyuzi inayoanza na inchi 0.010. Berry alitumia Gibson ES-350T, gitaa la umeme lenye tumbo wazi, na nyuzi za miaka ile zilikuwa nene, hata uzi wa tatu ukiwa umezungushiwa waya. Hiyo ndiyo sababu mivuto yake mingi ni mifupi na haifiki juu kabisa. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Kwenye amplifaya, weka gein (kitufe cha kukwaruza sauti) karibu na 3 kati ya 10, besi 4, mido 6, trebo 6. Sauti inatakiwa ikwaruze kidogo unapopiga kwa nguvu, na isafike unapolegeza mkono. Ukiijaza distoshen ya roki nzito, nyuzi mbili zikilia pamoja zitavurugana na utangulizi wote utageuka matope. Chagua pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) iliyo karibu na daraja, au ya kati kama gitaa lako ni kali.

Cha mwisho ni programu ya simu inayopunguza kasi ya rekodi bila kubadili sauti. Tuni gitaa lako kwanza kwa kipimo cha kawaida. Ukiona halikubaliani kidogo na rekodi, liache lilivyo, isogeze rekodi kwenye programu. Rekodi za zamani zilizohamishwa kutoka kwenye tepu na santuri hupanda au kushuka kidogo, maana kasi ya mashine haikuwa sawa kila mahali.

Mzunguko wa vipimo 12

Wimbo uko kwenye ufunguo wa B flati, yaani Bb. Kordi ni tatu tu, na kila kipimo kina mapigo manne:

Bb | Bb | Bb | Bb
Eb | Eb | Bb | Bb
F | F | Bb | Bb

Mzunguko huu ndio unaobeba utangulizi, beti, kibwagizo na solo. Angalia kipimo cha 10. Bluzi nyingi hushuka hapo kwenda kordi ya nne, ambayo hapa ingekuwa Eb. Berry anabaki kwenye F vipimo viwili kamili, kisha anarudi nyumbani Bb. Bendi nyingi zinazorudia wimbo huu hushuka Eb kwa mazoea, na siyo dhambi, ila msikubaliane kimyakimya: mpiga besi akishuka na mpiga rithimu akibaki, hapo ndipo wimbo unapochafuka, na chafuko hilo litajirudia kila mzunguko.

Kwa nini Bb, ufunguo ambao wapiga gitaa wengi huukwepa? Kwa sababu Berry alikulia kwenye bendi ya mpiga piano. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1953, Johnnie Johnson wa St. Louis alipungukiwa na mtu kwenye kundi lake la watu watatu, akamwita Berry ashike nafasi. Piano na vyombo vya kupuliza vinapenda Bb na Eb, na mpiga gitaa alilazimika kufuata. Kwa miaka iliyofuata Berry alihamishia kwenye nyuzi sita yale aliyoyasikia yakitoka kwenye piano ya Johnson. Jina la Johnny kwenye wimbo lilichochewa na huyo Johnson, ingawa kwenye rekodi hii aliyekaa kwenye piano ni Leake.

Rithimu: mkono wa kushoto wa piano

Mpiga piano wa bugiwugi hutumia mkono wa kushoto kurudia jozi mbili za noti: noti ya msingi na ya tano yake, kisha msingi na ya sita. Berry alifanya hivyohivyo kwenye nyuzi nene.

Kwa Bb, kidole cha shahada kiwe freti ya 6 uzi wa 6 (ule mnene kabisa), cha pete freti ya 8 uzi wa 5. Hiyo ni jozi ya kwanza. Bila kunyanyua vidole hivyo, nyoosha kidole cha mwisho hadi freti ya 10 uzi wa 5, upate jozi ya pili. Kila kipimo kina noti nane za nusu pigo: jozi ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili, ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili. Kwa Eb, umbo hilohilo lihamie nyuzi za 5 na 4, bado ukiwa freti ya 6. Kwa F, baki kwenye nyuzi za 5 na 4, sogea freti ya 8, na kidole cha mwisho kifike freti ya 12.

Umbali wa kutoka freti ya 6 hadi ya 10 unawashinda wengi wiki za mwanzo. Tatizo kwa kawaida ni kidole gumba: kimepanda juu ya shingo ya gitaa. Kishushe kiwe katikati ya mgongo wa shingo, sogeza kiwiko karibu na mbavu, na kidole cha mwisho kitapata sentimita kilizokuwa kinakosa. Kama mkono bado hautoshi, jifunzie rithimu hii freti ya 10 au ya 12, ambako freti zimekaribiana, halafu shuka freti moja kila siku chache. Ukisikia maumivu kwenye kifundo cha mkono, acha na upumzike. Misuli ikichoka ni kawaida. Kiungo kikiuma, kuna kitu unakosea.

Mkono wa kulia upige kwenda chini tu, na kiganja kiguse nyuzi kidogo karibu na daraja ili sauti iwe fupi. Kasi ya rekodi ni karibu mapigo 168 kwa dakika, maana yake mkono unashuka zaidi ya mara 330 kwa dakika. Hakuna anayeanza hapo. Weka metronomu kwenye 100, piga mizunguko mitatu mfululizo bila kosa, ndipo uongeze 8. Ukifika 140 utagundua kama mkono wako unafanya kazi kutokea bega au kutokea kifundo. Wa bega hukakamaa kabla ya beti ya pili.

Dramu inayumba, gitaa linanyooka

Hapa ndipo tabu za mtandaoni zinaposhindwa kabisa, kwa sababu jambo hili haliandikiki vizuri.

Below alitoka kwenye jazi. Anavyopiga, noti mbili za pigo moja hazilingani: ya kwanza ndefu, ya pili fupi, na ndiyo maana muziki unayumba kama ilivyokuwa kwenye bendi za dansi za Marekani miaka ya arobaini. Berry kwa upande wake anazinyoosha noti zake za rithimu: zote mbili karibu zinalingana urefu. Mmoja anayumba, mwingine ananyooka, na vyote vinakwenda pamoja kwa wakati mmoja. Msuguano huo ndio unaoipa rekodi joto lake. Miaka michache baadaye dramu za roki nazo zikanyooka, zikafuata mkono wa Berry, na kuyumba kukabaki kwa watu wa bluzi.

Mazoezi yake ni haya. Mwombe mpiga dramu apige simbali kwa kuyumba, snea ikiwa pigo la pili na la nne. Wewe piga rithimu yako ikiwa imenyooka, ukikataa kuvutwa. Mwanzoni mtagongana. Punguzeni kasi hadi 120 na muendelee mpaka kila mmoja aweze kusikia mwenzake bila kumfuata. Kosa la kawaida ni gitaa kujiunga na kuyumba, wimbo ukageuka bluzi ya kawaida isiyo na haraka. Kosa la pili ni dramu kunyooka kama gitaa, na hapo unapata roki ya baadaye, safi lakini kavu. Mpiga besi atembee noti za kordi, noti moja kila pigo, bila mapambo.

Utangulizi: wa Carl Hogan, kwa mikono ya Berry

Mwaka 1946 Louis Jordan na kundi lake la Tympany Five walitoa "Ain't That Just Like a Woman". Mpiga gitaa wao alikuwa Carl Hogan. Kabla hujagusa uzi wowote, tafuta rekodi hiyo na usikilize sekunde kumi za mwanzo. Ni utangulizi uleule, karibu noti kwa noti, miaka 12 kabla ya Berry. Rudia mara kadhaa, halafu weka rekodi ya 1958 mara moja tu.

Utasikia tofauti. Hogan anapiga noti moja moja, msafi, kama tarumbeta. Berry anapiga nyuzi mbili kwa pamoja, kwa kasi, na kwa mkono mzito zaidi. Sentensi ni ya Hogan; sauti ya kuisema ni ya Berry. Na hakuianza kwenye wimbo huu: utangulizi wa aina hiyohiyo unafungua "Roll Over Beethoven" ya 1956.

Sasa mkono. Kidole cha shahada kilale juu ya uzi wa 1 na wa 2, freti ya 6. Hapo una F kwenye uzi wa 2 na Bb kwenye uzi wa 1. Jozi hii ndiyo nyumba ya utangulizi wote; karibu noti zote ziko kati ya freti ya 6 na ya 9, hivyo mkono hausafiri. Kidole cha kati kinahudumia freti ya 7, cha pete freti ya 8, cha mwisho freti ya 9.

Kuruka ndani: piga uzi wa 4 freti ya 8, yaani Bb ya chini. Kisha piga uzi wa 3 freti ya 6 na papo hapo gonga freti ya 7 kwa kidole cha kati bila kupiga uzi tena. Noti inapanda nusu toni, kutoka sauti ya huzuni hadi ya furaha, na mgongano huo mdogo ni bluzi yenyewe. Mara tu baada ya hapo angukia jozi ya freti ya 6. Noti hizi za kuruka ndani zinatangulia pigo la kwanza la kipimo. Ukianza kuhesabu moja kwenye noti ya kwanza unayopiga, bendi itaingia mahali pasipo na mlango.

Kugonga jozi: jozi ya nyuzi mbili inarudiwa kwa noti za nusu pigo. Hapa piki iende chini na juu, na ipite kwenye nyuzi mbili tu. Uzi wa 3 ukilia kwa bahati mbaya utasikia Db (C kali) isiyo na kazi yoyote. Uzibe kwa ncha ya kidole cha shahada: kisogeze juu kidogo mpaka ncha yake iguse uzi wa 3 bila kuukandamiza.

Mvuto: kidole cha pete kwenye uzi wa 3 freti ya 8, ambayo ni Eb. Uvute uzi huo kuelekea juu, upande wa nyuzi nene, hadi ufike F, toni moja nzima. Mara moja piga uzi wa 2 freti ya 6, ambao nao ni F. Sikiliza kwa makini zinapokutana. Ukiufikisha uzi sawasawa, F mbili zinalingana na sauti inakuwa moja, safi, ya kitabuni. Ukiuacha chini kidogo tu, F mbili zinasuguana na sauti inatetemeka, inakuwa na kisu ndani yake. Ndiyo hiyo. Nyuzi nene hazikumruhusu Berry kufika kirahisi, na masikio ya dunia yakazoea pale alipoishia. Ukitumia nyuzi laini za leo utapitiliza bila kujua, kwa hiyo jizoeze kusimama kabla ya mwisho. Vuta kwa vidole viwili, cha pete kikisaidiwa na cha kati nyuma yake.

Mteremko: baada ya mvuto, mstari unashuka kupitia uzi wa 2, wa 3 na wa 4 hadi Bb ya freti ya 8 pale ulipoanzia. Upate kwa sikio. Weka rekodi kwenye nusu ya kasi, imba kipande cha sekunde mbili, kitafute ndani ya freti zile nne, nenda kingine. Ukikipata kwa njia hii hakikutoki tena, na utakuwa umefanya kile Berry alichofanya kwa rekodi ya Hogan.

Wapiga solo waliozoea muziki wa dansi na rumba ya Kongo wana faida moja na mtego mmoja. Faida ni kwamba nyuzi mbili kwa pamoja si jambo geni kwao. Mtego ni kwamba jozi za rumba zinatembea kwa tatu au kwa sita, tamu na laini, zikifuata wimbo. Jozi ya Berry ni ya nne: nyuzi mbili za mwisho, freti moja, kidole kimoja. Haina utamu, na haitembei. Inagonga palepale. Mwenye mkono wa rumba huanza kuilainisha bila kujua, akiongeza mapambo juu yake. Aiache ikiwa tupu.

Kibwagizo na majibu

Kwenye kibwagizo sauti inaita kwa neno moja fupi la kumhimiza Johnny, na gitaa linajibu. Ni wito na itikio, jambo la kanisani na la mashambani kabla halijawa la santuri. Jibu la gitaa ni kipande kilekile cha utangulizi kilichofupishwa: jozi ya freti ya 6, mara nyingine na mguso wa uzi wa 3. Anayeimba na kupiga kwa wakati mmoja ana kazi hapa. Jifunze kibwagizo kwa kupiga rithimu peke yake na kuimba, kisha ongeza jibu moja kati ya kila mawili. Mkiwa wawili, mmoja ashike rithimu bila kukoma na mwingine ajibu. Rithimu ikikatika kila mara solo inapoingia, wimbo unachechemea.

Leake kwenye piano haulizi zamu. Anamwaga noti za juu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata Berry anapoimba. Kama bendi yenu ina kinanda, mwacheni afanye hivyo kwa sauti ya chini.

Solo

Sehemu ya kati inadaiwa zaidi na T-Bone Walker, mtu wa Texas aliyelifanya gitaa la umeme kuwa chombo cha mbele kwenye bluzi. Wachunguzi huelekeza hasa kwenye "Strollin' with Bones" ya 1950. Isikilize utambue namna Walker anavyochukua kipande kifupi na kukirudia mpaka kinageuka kuwa mdundo.

Hiyo ndiyo kanuni ya solo hii. Chukua mvuto wa uzi wa 3 pamoja na noti mbili zinazoufuata, uzi wa 2 na wa 1 freti ya 6, vitatu kwa pamoja. Virudie bila kukatiza. Noti ni tatu wakati pigo linagawanyika kwa mbili, kwa hiyo mkazo unahama: mara mvuto uko juu ya pigo, mara uko katikati. Msikilizaji anahisi gitaa limeachana na bendi, kisha linarudi. Usipohesabu moyoni utapotea kweli. Mguu ubaki na mapigo manne, uwache mkono uzurure.

Anayejaza solo hii kwa mbio za skeli amekosa shabaha, hata awe na vidole vya ajabu. Vipande vitatu au vinne vinatosha mizunguko miwili.

Maneno, kabla ya kuyaimba

Kuna maneno mengi kwa pumzi chache, na hilo lilikuwa ufundi wa Berry: alitamka kila silabi waziwazi, juu ya pigo, ili kijana yeyote wa Marekani, mweusi au mweupe, aelewe. Hadithi ni ya mvulana wa mashambani Louisiana ambaye kusoma na kuandika hakujui sawasawa, lakini gitaa analipiga kama mchezo. Hulibeba kwenye gunia, hukaa chini ya mti kando ya reli, na mama yake anamwambia siku moja atakuwa kiongozi wa bendi kubwa.

Berry mwenyewe alikuwa mtoto wa mjini St. Louis, aliyezaliwa mwaka 1926 kwenye barabara iliyoitwa Goode Avenue; jina la Johnny lina anwani ndani yake. Mwanzoni alimwita mvulana huyo kijana mweusi, kwa neno lililotumika wakati ule, kisha akalibadilisha kuwa kijana wa mashambani ili redio ziupige wimbo. Ukijua hilo, ubeti wa kwanza unaimbika tofauti.

Usivute maneno nyuma ya pigo kama mwimbaji wa bluzi. Yatangulize kidogo. Pumua mwisho wa kila mistari miwili. Ukikosa pumzi ya pili hutafika kwenye kibwagizo.

Kusikiliza waliofuata

Ukishaweza utangulizi, sikio litaanza kuukuta kila mahali. Sikiliza "Fun, Fun, Fun" ya Beach Boys, 1964: mlango ni uleule, nyumba ni ya ufukweni California. Rolling Stones walianza na wimbo wa Berry kwenye santuri yao ya kwanza, 1963, na Keith Richards ndiye aliyemkaribisha Berry kwenye Rock and Roll Hall of Fame mwaka 1986, akikiri hadharani kwamba amemwibia kila alichopiga. Beatles waliurekodi "Johnny B. Goode" kwa ajili ya redio ya BBC mwaka 1964. Jimi Hendrix aliupiga jukwaani Berkeley mwezi Mei 1970, kwa kasi ya kutisha. Kwa mwanafunzi, rekodi hiyo inafaa kuonyesha ni kiasi gani umbo linaweza kuvutwa bila kukatika.

Wa kujifunza zaidi ni Peter Tosh, 1983. Alimhamisha mvulana kutoka Louisiana hadi Jamaika, karibu na Mandeville, na mdundo wote ukawa wa rege. Mkono wa bugiwugi haupo tena, msuguano wa dramu na gitaa haupo, lakini wimbo umesimama. Ukitaka kuutoa kwa mtindo wako, iwe benga au mchiriku, fuata njia ya Tosh: badilisha mdundo na mahali, acha hadithi na mzunguko wa kordi.

Kuna filamu ya 1985 ambamo kijana mweupe aliyesafiri kurudi 1955 anaupiga wimbo huu kwenye dansi ya shule, na binamu wa kubuni wa Chuck Berry anampigia Chuck simu asikilize. Watoto wengi walijifunza gitaa kwa sababu ya tukio hilo. Utani wenyewe unageuza ukoo juu chini: kwenye sinema Berry anapokea kutoka kwa mgeni, wakati kwenye santuri tunaweza kuonyesha Hogan, Walker na Johnson kwa majina.

Na kuna nakala iliyo mbali kuliko zote. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya anga vya Voyager, kila kimoja na sahani iliyopakwa dhahabu yenye muziki wa dunia, vipande 27. "Johnny B. Goode" umo. Umo pia wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti kutoka msitu wa Ituri, Kongo, uliorekodiwa na Colin Turnbull. Waliopinga rokenroli kuwekwa humo walisema ni muziki wa vijana wasiokomaa. Mwanaastronomia Carl Sagan, aliyeongoza uteuzi, alijibu kwamba duniani vijana wa namna hiyo ni wengi.

Hogan hatajwi kati ya waandishi wa wimbo huu. Sheria za hakimiliki zililinda maneno na wimbo unaoimbwa. Kipande kifupi cha gitaa kwa desturi kilihesabiwa kuwa mali ya kila mtu. Ndiyo maana Beach Boys waliweza kuufungua wimbo wao kwa mlango wa Berry bila kulipa, lakini walipochukua wimbo mzima wa "Sweet Little Sixteen" na kuuandikia maneno mapya mwaka 1963, haki za uchapishaji zilikwenda kwa kampuni iliyomiliki nyimbo za Berry. Ukirekodi "Johnny B. Goode" uuze au uuweke mtandaoni, lipia haki za wimbo. Ukibuni wimbo wako na kuufungua kwa jozi ya freti ya 6, si rahisi mtu akudai.

Mwimbaji akishindwa na Bb

Hamisha, usilazimishe. Kwa A, kila kitu kishuke freti moja: nyumba inakuwa freti ya 5. Kwa G, freti ya 3, ambako freti ni pana na kidole cha mwisho kitalalamika kwenye rithimu. Kwa C, freti ya 8, na hapo mkono unapumua. Epuka kuhamia E ili tu utumie nyuzi wazi: jozi ya utangulizi itakulazimu kwenda freti ya 12, au ukae kwenye nyuzi tupu ambazo huwezi kuzizima kwa kidole, na ufupi wa sauti ya Berry utapotea. Kama bendi ina tarumbeta au saksafoni, waulize kwanza kabla ya kutoka Bb. Wao ndio walioanza kuudai ufunguo huo.